Nilisema Maji ya Chumvi

Siku ile alivaa kitenge cha majani makubwa ya kijani, ambacho nilimuuzia mimi mwenyewe. Kitenge nakikumbuka vizuri kuliko uso aliokuwa nao siku ile, na jambo hilo linanisumbua, kwa sababu kama mtu anakumbuka nguo na kusahau uso, sijui haya mengine ninayoyaandika yana ukweli kiasi gani. Nitajaribu tu. Nilisoma mpaka darasa la sita, kule kwetu Kongo, na kalamu yangu inakwenda kwa kutambaa.

Alhamisi ni siku ya wajawazito katika kituo cha afya cha mtaa wetu hapa Kampala. Mimi si mkunga wala sina cheo chochote pale. Nauza vitenge Nakivubo, navibeba begani nikipita duka hadi duka, na kwa miaka ya kupita hivyo Kiganda kimeniingia chenyewe. Zamani kidogo nilimsindikiza jirani kliniki, mkunga akashindwa kuelewana naye, nikatia mdomo. Tangu hapo mkunga akaniomba niwe nafika kila Alhamisi asubuhi, maana wanawake wa Kongo walikuwa wengi kwenye benchi, na Kiswahili chake yeye kiliishia kwenye "kuja hapa" na "lala chini". Wanawake wakaniita Mama Mkalimani. Nililipenda jina hilo. Naliandika hili wazi kwa sababu nadhani ni sehemu ya kosa.

Namna yangu ya kutafsiri ilikuwa kama ya mtu anayemlisha mtoto samaki. Nilitoa miiba kwanza. Mkunga akisema, "Mwulize huyu amelala wapi miezi yote hii, anakuja leo tumbo limefika kidevuni," mimi nilisema, "Anafurahi umekuja, ila siku nyingine uwahi." Akisema, "Huyu hana akili," nilisema, "Anakuonea huruma." Wanawake walimsifu sana yule mkunga kwa upole wake. Nami nilikaa kimya nikijua upole ule unatoka wapi.

Nisimwonee mkunga. Alikuwa peke yake, benchi limejaa hadi nje kwenye mvua, amesimama tangu asubuhi na miguu imevimba kuliko ya wenye mimba. Na mara nyingi, nikitazama nyuma, miiba yake ilikuwa na maana.

Huyu ninayemwandika alikuwa binti wa miaka ishirini na miwili, mtu wa Uvira, jirani yangu wa mlango wa tatu. Walikuja Kampala yeye na mumewe tu. Mume alipata kazi ya kupakia mizigo bandarini Port Bell. Mama yake alikuwa amekufa, na bibi aliyemlea alibaki kule. Aliniita Mama Mkubwa, kama mtu anavyomwita dada wa mama yake, na kila alipotwanga sombe, majani ya muhogo, aliniletea bakuli.

Mimba ilipofika miezi mitano nilianza kumwona asubuhi bombani uani, anapiga mswaki, anatema, na mate yana damu. Alikuwa akiimwagia maji haraka isionekane. Akicheka alijifunika mdomo kwa pindo la kitenge. Nilijua kwa nini anajifunika. Chumba changu na chake vimeachana kwa mlango mmoja, na tulikuwa tunakaa kibarazani pamoja tukichambua maharage. Mdomo wake ulikuwa unanuka.

Sikumwambia. Kwetu mtu wa kukuambia mdomo wako unanuka ni bibi yako. Yeye ana ruhusa, kwa sababu bibi na mjukuu wana utani wao. Atakuambia mbele ya watu, "Toka hapa, umemeza panya?" na watu watacheka, na wewe utacheka huku ukienda kutafuta mswaki. Mtu mwingine akikuambia neno hilo hilo, hata kwa upole, amekutukana. Nimeona marafiki wa miaka mingi wakiachana kwa sababu hiyo. Hata mama mzazi hunyamaza, humtuma bibi. Na mimi sikuwa bibi yake.

Basi, Alhamisi ile. Kwenye benchi wanawake walikuwa wanataniana kama kawaida. Mmoja mwenye tumbo kubwa aliulizwa, "Wewe, humo ndani kuna mtoto au kuna gunia la makaa?" Akajibu, "Muulize aliyelipakia." Tukacheka, na binti yangu akacheka ndani ya kitenge. Halafu akaitwa.

Chumba cha mkunga kilitengwa na benchi kwa pazia tu. Mkunga alimpima tumbo, akaweka lile bomba dogo la mbao, akamsikiliza mtoto, akaridhika. Kisha akamwambia apanue mdomo, amtazame ulimi kama damu inamtosha. Binti alipopanua, mkunga alirudi nyuma hatua moja, akaweka kiganja puani.

Akanigeukia mimi, kwa Kiganda, na sauti yake haikuwa ndogo. "Nnyabo," yaani mama, "mwambie huyu ufizi wake unaoza. Umevimba, una usaha, mdomo unanuka. Aende kwa daktari wa meno kabla hajarudi hapa. Mwambie uchafu wa ufizi unaingia kwenye damu, na wanawake wenye mdomo wa namna hii tunawaona wakizaa kabla ya miezi kutimia."

Binti alinitazama. Nyuma ya pazia benchi lilikuwa kimya, na wengine pale walijua Kiswahili vizuri sana.

Nikasema, "Anasema mtoto yuko salama. Damu ya mdomoni usiiogope, ni ya mimba tu. Sukutua kwa maji ya chumvi, na ule mboga za majani."

"Ni hayo tu?"

"Ni hayo tu, mwanangu."

Mkunga akaandika kitu kwenye kadi, kwa Kiingereza, akaita anayefuata.

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini, na kila nikijiuliza napata jibu jingine. Jibu la kwanza ni kwamba nilimwonea haya. Sikutaka aaibike mbele ya benchi zima. Hilo ni kweli. La pili ni kwamba sikuamini. Mimi nimezaa watano, meno mawili yamekwenda, na mama yangu alisema kila mtoto huondoka na jino lake, basi damu ya ufizi kwangu haikuwa habari. Na wakunga hutisha, ndiyo kazi yao. Hilo nalo ni kweli. Lakini kuna la tatu, ambalo silipendi. Daktari wa meno alikuwa jengo la pili, foleni yake ndefu, na ni mimi ambaye ningeketi naye pale mpaka mchana, na vitenge vyangu vilikuwa kwenye mfuko chini ya benchi vinanisubiri. Sijui lipi lilikuwa na nguvu zaidi. Ningejua ningeandika.

Ningeweza pia kumwambia baadaye, njiani, tukiwa wawili. Tulitembea pamoja mpaka nyumbani. Tulizungumza bei ya nyanya.

Alisukutua kwa chumvi kila siku. Nilikuwa namwona bombani na kikombe chake. Alikuwa mtu wa kutii.

Uchungu ulimshika Jumamosi mchana, anafua, mimba ikiwa ya miezi saba na siku chache. Tulimpeleka hospitali kubwa. Mtoto alizaliwa jioni ile, wa kike, na mkono wake ungeweza kupita kwenye pete yangu ya ndoa. Walimfunga kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kwa kitenge kile kile cha majani ya kijani, na wakamwambia akae hivyo, asimwondoe, mwili wake ndio utamalizia kazi. Akakaa. Alikula akiwa hivyo, alilala ameketi. Mume alikuwa anakuja kutoka Port Bell na vumbi la mizigo kichwani, anaoga kwanza bombani nje, halafu anasimama mbali kidogo na kuwatazama, kama mtu anayeogopa kupumua.

Kule hospitali pia mimi ndiye niliyetafsiri. Siku ya kumi na moja nesi aliniita pembeni, na nikaenda kusema lililotakiwa kusemwa. Hakukuwa na nyama ya kubakiza. Lilikuwa mwiba mtupu, na huo niliutafsiri vizuri.

Nimefungua daftari langu la siku zile. Mimi ni mtu wa kuandika kila siku, hata kama ni kuhusu mvua. Siku hiyo nimeandika: "Mtoto wa jirani amefariki. Mvua." Basi. Kurasa mbili zinazofuata nimezichana, na sikumbuki zilikuwa na nini.

Watu walimwambia mtoto mchanga haliliwi sana. Walimaanisha wema. Yeye alilia kidogo mbele yao, akifunika mdomo.

Aliporudi kliniki kupimwa, nilikuwepo. Mkunga alichukua kadi, akaisoma, uso ukabadilika. "Bambi," akasema, pole yao ya Kiganda, na alimaanisha. Halafu akaweka kidole kwenye mstari alioandika yeye mwenyewe. "Niliandika aende kwa meno. Hakwenda?"

Nikajibu, "Hakwenda."

Nilisema kweli. Sijawahi kusema kweli chafu kama ile. Mkunga akatikisa kichwa kumsikitikia mwanamke asiyesikia, na huyo mwanamke alikuwa ameketi pale akitutazama wote wawili, akingoja nimwambie linalosemwa.

"Anasema pole," nikamwambia.

Ulipita mwaka na zaidi kidogo. Niliendelea kwenda Alhamisi, lakini nilianza kuiacha miiba ndani ya samaki, mmoja mmoja, na wanawake wakaanza kusema mkunga amekuwa mkali. Sisemi hili ili nisifiwe. Ilikuwa rahisi kuwaambia wengine.

Kisha siku moja alikuwa uani anatwanga sombe, nami nimeketi kwenye kizingiti, akasema bila kusimamisha mchi, "Mama Mkubwa, Alhamisi utakuwepo?"

Nikatazama tumbo lake. Halikuonekana bado.

"Miezi mitatu," akasema.

"Nitakuwepo. Lakini kwanza kuna neno nataka kukuambia."

"Kama ni vitenge, sinunui." Akacheka, mkono ukaenda mdomoni.

Nikamwambia. Nilimwambia yote, la kiganja puani, la usaha, la miezi kutotimia, la chumvi ambayo haikutoka kinywani mwa mkunga. Nilimwambia na la kadi. Nilikuwa nimelipanga kichwani kwa mwaka mzima, na lilikwisha kwa muda mfupi sana. Mchi haukusimama. Alitwanga mpaka sombe ikapita kulainika ikawa kama uji, na bado akatwanga.

"Nilisikia *amannyo*," akasema.

"Nini?"

"Siku ile. Alisema *amannyo*. Nilikuwa mgeni hapa, lakini meno kwa Kiganda nilikuwa nayajua, kuna mtu alikuwa anapita na miswaki njiani anapiga kelele, *amannyo, amannyo*. Nikasikia neno, nikaona ameshika pua. Nikajisemea, haya, leo ndiyo nitaambiwa. Nikakaza moyo. Halafu wewe ukasema chumvi." Akautoa mchi kwenye kinu, akautazama. "Nilifurahi, Mama Mkubwa. Nikasema, kumbe si kitu."

Nikainama, nikaokota jani la sombe lililoanguka chini.

"Mume wangu alikuwa ameshaanza kulala akitazama ukutani. Unadhani sikujua ninanuka? Nilikuwa nangoja mtu aseme."

"Nilikuonea haya."

"Aibu ilikuwa yangu. Ungeniachia niibebe mwenyewe."

Akachota sombe yote, akaingia nayo ndani. Siku ile sikuletewa bakuli.

Alhamisi asubuhi alisimama mlangoni kwangu kabla sijafunga kilemba. "Twende. Ila tunaanza kwa meno. Na utasema yote. Ukiondoa neno moja nitajua, siku hizi na mimi Kiganda kimeniingia kidogo."

"Kwa nini usimchukue mwingine?" nikamuuliza. Nilikuwa namwonea huruma, au labda nilikuwa najionea mimi.

"Mwingine naye ataona haya. Wewe umeshamaliza."

Tulilipita benchi la wajawazito. Wakatuita, "Nyie, mnapotea, benchi ni hapa!"

"Tunakwenda kwa meno," nikasema.

"Na mimba? Thubutu! Sindano ya ganzi itamlaza mtoto mpaka Krismasi."

"Na alale," binti akasema. "Wa kwanza aliamka mapema mno."

Mmoja akasogea kutupisha, ingawa njia ilikuwa wazi.

Daktari wa meno alikuwa kijana, mchangamfu, anazungumza Kiganda huku mikono inafanya kazi. Alimtazama mdomo kwa taa muda mrefu, akichokoa ufizi kwa kijichuma chembamba. Kisha akaanza kusema, na mimi nikaanza.

"Anasema mdomo wako unanuka," nikasema. Ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yangu kumwambia mtu maneno hayo. "Anasema ni ugonjwa wa ufizi. Ukoga umeganda chini ya ufizi mpaka umekuwa jiwe. Mimba hufanya ufizi uvimbe haraka, lakini ugonjwa haukuletwa na mimba peke yake, ulikuwepo. Anasema meno mawili yameanza kulegea. Anasema alikwambia nani uache mambo yafike hapa."

Akanitazama tu. Nikatafsiri kimya chake pia, nikamwambia daktari, "Ni mimi."

Daktari hakuelewa, akaendelea. Alisema ugonjwa huu na watoto wanaozaliwa kabla ya wakati huonekana pamoja mara nyingi, ndiyo, lakini kuonekana pamoja si kusema huyu ndiye aliyemleta yule. Kuna malaria, kuna presha, kuna maradhi ya mkojo, kuna mimba zinazotoka bila kusema sababu. Na hata kuusafisha ufizi wakati wa mimba, wataalamu hawajathibitisha kwamba kunamzuia mtoto asitoke mapema. Kunamponya mama mdomo, hilo ni hakika, na hakuleti madhara kwa mtoto. Ganzi nayo ipo isiyo na madhara.

Nilimwomba arudie. Akashangaa, akarudia. Nilimwomba kwa sababu maneno yale yalinifaa mimi, na neno linalokufaa ni rahisi kulisikia zaidi ya lilivyosemwa. Aliporudia nikaona ni yale yale, hayakuzidi. Nikayatafsiri polepole, na pale penye "hawajathibitisha" niliangalia sauti yangu isipande.

Binti akafikiri. Kisha akasema, "Muulize. Kama ningekuja ile siku mkunga aliposema, mtoto angeishi?"

Nilitamani nisijue lugha yoyote duniani. Nikauliza. Niliuliza kama alivyouliza yeye, sikuongeza "labda", sikupunguza "mtoto".

Daktari aliacha vyombo vyake. Uchangamfu ulimtoka. "*Simanyi*," akasema.

Neno hilo hata mtu aliyekaa Kampala juma moja analijua. Lakini kazi yangu ilikuwa kusema.

"Hajui," nikasema.

"Nimesikia," akasema binti, akalala kwenye kiti, akapanua mdomo.

Usafi ulichukua muda. Damu ilikuwa nyingi kwenye beseni, na vipande vya ule ukoga vilikuwa kama changarawe. Nilinyoosha mkono wangu karibu na wake. Hakuushika, alishika pindo la kitenge. Alirudi tena mara mbili majuma yaliyofuata, mpaka ufizi wote ukasafishwa, na daktari akamwambia apige mswaki laini asubuhi na jioni hata damu ikitoka, asiache kwa kuogopa damu. Nilitafsiri hata pale alipokohoa.

Siku ya mwisho tulipokuwa tunatoka, shavu lake likiwa bado na ganzi, akasema kwa ulimi mzito, "Kwetu angeniambia bibi. Hayupo. Sasa ni wewe, upende usipende."

Sikujua kama ni heshima au ni adhabu. Mpaka leo sijui, na sijamuuliza, na ni haki yake kutoniambia.

Bakuli la sombe halijarudi. Nalitaja kwa sababu ni kweli, si kwa sababu nalidai. Ananisalimia, ananiita, mumewe akirudi kutoka Port Bell ananiuliza habari. Huyo mume sijui kama ameambiwa. Kama ameambiwa, basi ni mtu mwema kuliko ninavyostahili. Kama hajaambiwa, basi mkewe ananibebea aibu yangu bila mimi kumwomba, kama nilivyombebea yake, na hapo tumelipana vibaya.

Mimba imefika miezi saba. Jana ilikuwa idadi ile ile ya siku ambayo wa kwanza alitoka akiwa nayo. Mimi nilihesabu, na nadhani yeye alihesabu, kwa sababu hakufua nguo siku nzima. Aliketi kibarazani na mikono chini ya tumbo kama mtu aliyebeba sufuria iliyojaa mpaka ukingoni.

Leo asubuhi alikuwa bombani na mswaki wake. Alimaliza, akafuta mdomo, akaja mpaka kwenye kizingiti changu, akainama kwa shida kwa ajili ya tumbo, akaleta uso wake karibu na wangu.

"Bibi," akasema, "nusa. Sema kweli."

Akapanua mdomo. Nikanusa.

"Bado kidogo," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa, akarudi bombani.